Sahani chini ya kawa

Kwa karibu miaka sita nilimfunikia mume wangu chakula kwa kawa, nikaenda kulala kabla hajarudi. Kawa lenyewe nililetewa na mama kutoka Tanga, la ukili, lenye mistari myekundu iliyokwisha kupauka. Chini yake wali au ugali, mboga kwenye kibakuli, na samaki nimemwekea upande wa mkia maana ndio anaoupenda. Yeye hurudi saa nne, saa tano usiku, anakula peke yake, anaosha sahani, anaifudikiza kando ya karo, anakwenda kulala chumbani kwake. Asubuhi nikiona kawa limeangikwa ukutani najua amekula. Hatukugombana. Hakunipiga wala hakuninyima matumizi. Majirani zetu wa Tabata wangeweza kuapa kwamba pale pana ndoa.

Nawajua wengi walio ndani ya hali ile sasa hivi, wanawake kwa wanaume. Mimi ni fundi cherehani, na mwanamke akishavua mtandio akasimama apimwe, huzungumza. Nimesikia mengi kwenye kile chumba cha kupimia. Kwa hiyo haya si yangu peke yangu, ingawa nitakayoyasimulia ni ya nyumbani kwangu tu.

Tulioana mwaka 1999. Tulianza na chumba kimoja cha kupanga, tukapata mtoto wa kwanza, wa pili, kiwanja, mtoto wa tatu, msingi, kuta, na mwaka 2012 tukahamia kwenye nyumba yetu ikiwa haina dari wala rangi. Nilimwita kwa jina la binti yetu mkubwa, Baba Fulani, naye akiniita Mama Fulani, kama wanavyoitana watu. Tulicheka. Hilo nalisema kwa sababu watu hudhani ndoa iliyokufa haikuwahi kuwa hai. Ilikuwa hai.

Mwaka 2014 mama yangu alifariki. Tulisafiri usiku, tukazika kesho yake adhuhuri. Jioni ileile mume wangu akaniambia anarudi Dar, kazini hawakumpa ruhusa. Hakungoja khitma ya siku ya tatu. Wakwe wenzake wote walikuwepo, wamekaa kwenye mikeka, wanachinja, wanapokea wageni. Wangu tu hayupo. Shangazi akaniuliza mbele za watu, "Mkwe wetu yuko wapi?" Nikasema ana dharura. Uongo ule nilioutoa kwa ajili yake uliniuma kuliko kuondoka kwake.

Nilirudi Dar baada ya arobaini. Sikumwambia kitu. Nilitaka ajue mwenyewe, aje mwenyewe aseme, "Nilikukosea." Nilingoja. Katika kungoja huko mtoto wetu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, akashikwa na homa. Nikahamia chumbani kwa watoto nimwangalie. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Homa ikapoa, sikurudi. Yeye hakuniita. Baada ya wiki mbili nikaenda kuchukua mto wangu, baada ya mwezi nikachukua nguo. Hivyo ndivyo nilivyohama, mto kwanza na nguo baadaye. Hakuna siku ambayo mmoja wetu alisema tumeachana.

Tangu hapo majina yakabadilika. Mimi nikawa "mama yenu", yeye akawa "baba yenu", kwa sababu kila neno lilipita kwa watoto. "Kamwambie baba yenu fundi bomba amekuja." "Mwambieni mama yenu ada nimelipa." Mdogo ndiye aliyetumwa zaidi, maana wakubwa walijifanya hawasikii. Alikuwa akikimbia kati ya sebule na uani na kisentensi mdomoni, akikirudia asikisahau.

Halafu luku. Ununuzi wa umeme ulikuwa kwenye simu yake tangu zamani. Mita ikianza kulia mtoto anatumwa, na kesho yake simu yangu inaita mlio mmoja, nafungua, nakuta tarakimu ishirini. Hakuna salamu juu wala chini. Nazibonyeza kwenye mita, umeme unaingia. Usiku mmoja nilikosa usingizi nikaanza kupandisha ujumbe wake wote nyuma, mwezi baada ya mwezi. Miaka miwili mizima ilikuwa namba tupu, isipokuwa mmoja uliosema, "Nimefika salama." Dakika moja baadaye ulifuata mwingine: "Samahani, si wako." Sikumuuliza ulikuwa wa nani. Hadi leo kinachonitisha si kwamba huenda alikuwepo mtu, bali kwamba wakati ule sikuona haja ya kujua.

Nje tulikuwa watu wazuri. Kwenye harusi tulivaa sare, mimi ndiye niliyeshona, gauni langu na shati lake kitambaa kimoja. Tuliketi meza moja, tukapigwa picha. Watu wakasema, "Nyie mnapendeza, mtufundishe." Kwenye gari kurudi redio inasoma taarifa ya habari, na akizima injini kila mtu anafungua mlango wake. Kuna waliokuja kweli kunitaka ushauri wa ndoa, na nikawapa. Ninaona haya nikiwakumbuka.

Kwetu nilisema mara moja tu, kwa mama mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. "Mwanangu, anakulisha?" Ndiyo. "Anakuvisha?" Najivisha mwenyewe, lakini watoto anawavisha. "Basi funika kombe mwanaharamu apite. Wanaume wa wenzio wanarudi na mapanga." Hakunitakia mabaya. Alikuwa akipima ndoa kwa kipimo alichopimiwa yeye, na kwa kipimo hicho mimi nilikuwa nimebahatika. Nilirudi na basi la jioni nikiwa nimeamua kunyamaza moja kwa moja.

Sasa nitasema lililokuwa likinizuia, maana wengi wanalo na hulifunika kwa jina la watoto. Watoto niliwawaza, ndiyo. Lakini niliwaza nyumba vilevile. Risiti za saruji, mabati na nondo zote zilikuwa na jina lake. Fedha zangu za cherehani zilikwenda kwenye chumvi, mafuta, madaftari, nauli, ada za tuisheni, vitu visivyo na risiti. Niliamini nikitoka natoka na cherehani yangu na kanga zangu.

Aliyenitoa kwenye woga huo ni mteja wangu, mama mmoja msaidizi wa kisheria. Nilikuwa nampunguzia kiuno cha sketi. Aliniambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kifungu cha 114, na kwamba Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kuwa kazi za nyumbani za mke ni jasho linalohesabika. Hakunidanganya kwa kunipamba: alisema Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya familia alizitumia vibaya. Lakini msingi uliwekwa, na wanawake wengi wamesimama juu yake baada ya hapo. Akaongeza kitu ambacho sikukijua kabisa. Kifungu cha 59 kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Nilikuwa nimelala miaka mingapi nikisikiliza kama kuna watu wanakuja kukagua nyumba? Na kumbe sheria ilikuwepo hata kabla sijazaliwa.

Ilikuwa mwaka 2020, na hata baada ya hapo nilikaa miezi mitatu bila kufanya lolote.

Kilichonisukuma ni posa. Mshenga alikuja kumposa binti yetu mkubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tukakaa kochi moja nyumbani kwetu, mimi na baba yake, tukijibu kama watu wamoja. Wageni walipoondoka binti akanifuata jikoni. Nilikuwa natoa vikombe. Akasema bila kunitazama, "Mama, mimi nikifika mahali pa kutumiwa namba za luku tu, nitarudi nyumbani. Msije mkanirudisha."

Nilikuwa nikidhani wanangu hawajui. Nilikuwa nikiwaambia wateja wangu, "Watoto wetu hawajawahi kutusikia tukigombana," nikiona ni sifa. Mtoto wangu alikuwa amehesabu kila kitu, mpaka ujumbe kwenye simu yangu.

Nilikwenda kwa shekhe mmoja mzee, si wa mtaani kwetu. Nilimweleza. Akanisomea Sura ya Al-Baqara, pale Mwenyezi Mungu anaposema ni kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani. "Umesikia la tatu hapo?" akauliza. Nikasema hapana. Akaniambia hata mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amewekewa ukomo wa miezi minne, arudi au aache. Wangu hakuapa, lakini miezi minne na miaka sita wapi na wapi? Kisha akanitajia neno la Sura ya An-Nisaa, aya ya 129, mke aliyeachwa kama aliyetundikwa. "Aya inawazungumzia wenye wake zaidi ya mmoja," alisema, "lakini kutundikwa ni kutundikwa. Na wewe, binti yangu, usijione umetundikwa peke yako. Na yeye yuko juu ya kamba hiyohiyo."

Hayo ya mwisho sikuyapenda. Nilikwenda kutafuta wa kunihurumia mimi.

Usiku ule sikulala. Niliwaza jambo ambalo naomba kila aliye katika hali hii aliwaze walau mara moja. Yule mtu akifa leo, mimi ni mjane wake. Nitakaa eda ya miezi minne na siku kumi, nitavaa nguo zisizo na pambo, nitapokea mikono ya rambirambi ya mtu tusiyesalimiana. Nitarithi thumni yangu kama mke mwenye watoto. Watu watasema, "Walipendana." Na mimi nikifa, yeye atasimama mbele ya jeneza langu aombe radhi kwa niaba yangu kwa watu, wakati sisi kwa sisi hatukuombana.

Kesho yake sikufunika sahani. Nilikaa barazani mpaka saa nne na nusu. Alipofungua geti akashtuka, akadhani kuna mgonjwa. Nikamwambia, "Baba Fulani, kaa." Jina lile lilikuwa limenikauka mdomoni. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, funguo mkononi.

Nilianza na msiba wa mama. Nilisema yote, mikeka, shangazi, uongo wangu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani ndio yaleyale. Kisha akasema, "Sikuwa na kitu." Sikuelewa. Akasema siku ile wakwe walikuwa wakitoa michango kwa wajomba zangu, huyu mbuzi, huyu gunia la mchele, na yeye alikuwa na nauli ya kurudi tu, kwa sababu mkopo wa mabati ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara na mwezi ule ulimaliza kila kitu. Akaona bora aonekane hana adabu kuliko aonekane hana fedha. "Nikasema utarudi nitakueleza. Uliporudi ulihama chumba. Nikajua umenishusha."

Miaka sita mimi nilimngoja aseme, yeye akaona kuhama kwangu ndiyo hukumu. Kila mmoja alikuwa na kesi kamili kichwani, mashahidi, ushahidi, uamuzi, na mwenzake hakuwahi kuitwa.

Nilimsamehe palepale. Nililia, naye alilia, mara ya kwanza kumwona analia tangu baba yake afe. Nikangoja moyo urudi. Haukurudi. Tulijaribu, wallahi. Kwa wiki kadhaa tulikula pamoja, tukaongea, tukaulizana kazi. Tukawa kama ndugu waliopatana baada ya ugomvi wa urithi. Mapenzi yalikuwa yamekwisha zamani, na kuujua ukweli wa siku moja ya mwaka 2014 hakukuweza kuyafufua. Kama tungezungumza mwaka uleule, naamini tungekuwa pamoja mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko talaka yenyewe.

Basi tukasema. Yeye ndiye aliyetangulia: "Mama Fulani, sisi tumekwisha, ila hatujawaambia watu." Tukaita watoto wote watatu, sebuleni, baada ya isha. Mdogo alikuwa darasa la sita. Aliuliza swali moja tu, kama bado atakuwa anatumwa. Baba yake akamwambia hapana.

Safari ya kisheria sitaieleza sana, ila kuna pa kujua. Tanzania huwezi kwenda mahakamani kudai talaka bila kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Sisi tulikwenda la Waislamu wilayani. Wazee walituuliza: Mnagombana? Hapana. Anakupiga? Hapana. Anakunyima matumizi? Hapana. Una mtu mwingine, bwana? Akasema hapana. "Sasa tatizo ni nini?" Ndipo nilipoona jinsi hali yetu isivyokuwa na jina. Sheria inataja vitu vinavyoweza kuonyesha ndoa imevunjika, zikiwemo uzinzi, ukatili, kutelekeza, na kutengana kwa miaka isiyopungua mitatu. Sisi tulikuwa chini ya paa moja. Lakini orodha ile haikufungwa, kinachotafutwa ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nikawaeleza wazee habari ya luku. Mmoja wao akavua miwani, akaifuta, hakuuliza tena. Walitusuluhisha vikao vitatu, kisha wakajaza fomu namba 3 kwamba wameshindwa.

Akatoa talaka moja, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Eda nilikaa nyumbani mwangu kama Sura ya At-Talaq inavyoagiza, mke asitolewe nyumbani kwake. Miezi ile ilikuwa ya ajabu. Kwa nje hakikubadilika kitu, nyumba ileile, vyumba vilevile viwili. Lakini sasa kila kitu kilikuwa kimesemwa, na mimi nililala usingizi mzito. Tuliandika kwenye daftari nani ananunua nini, nani anakwenda kikao cha shule, mgeni akija tunasemaje. Eda ilipokwisha bila rejea akahamia chumba cha kupanga Kinyerezi. Mahakama ya Mwanzo ilimalizia mwaka 2021. Nyumba tulikubaliana isiguswe mpaka mdogo amalize kidato cha nne, kisha ithaminiwe, tugawane.

Sisemi kila mtu aende mahakamani. Nina jirani Mkatoliki, ndoa yake haivunjiki kwa imani yake, naye haitaki ivunjike. Yeye na mumewe walikaa na padri wao, wakakubaliana kutengana vyumba, na watoto wao wakubwa wanajua. Wanasalimiana asubuhi kwa sauti. Mume akiugua mke anampeleka hospitali na kueleza kwa daktari kila kitu kwa sababu anakijua. Ukiingia kwao huoni baridi niliyoizoea kwangu. Wamebaki chini ya paa moja kama sisi tulivyokuwa, ila wao walikaa chini wakakubaliana, wakati sisi tuliteleza tu mpaka tukajikuta huko. Wengine hubaki kwa sababu kodi ya vyumba viwili haipatikani, nao siwalaumu hata kidogo. Lakini kama unabaki, mwite mwenzako, mwambie, "Tunabaki hivi, kwa sababu hii, mpaka wakati huu." Na watoto wasigeuzwe tarishi. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kurudia maneno chinichini kabla ya kuyasema, hata shuleni, mwalimu wake akaniita kuniuliza. Sikuwa na la kumjibu mwalimu yule.

Binti mkubwa aliolewa. Wazazi tulikaa pamoja meza ya mbele, safari hii bila sare. Nilimshonea baba yake kanzu kwa sababu ni baba wa bibi harusi, nikamtajia bei, akalipa.

Umeme bado hununua yeye, ndivyo tulivyoandika kwenye daftari, mpaka mdogo amalize shule. Wiki iliyopita mita ililia jioni. Nilimpigia mwenyewe. Baada ya muda ujumbe ukaingia, tarakimu ishirini, na chini yake: "Salaam Mama Fulani. Nimeongeza kidogo, najua una nguo nyingi za kupiga pasi msimu huu. Pole na kazi." Nikaingiza namba, nikarudi kwenye cherehani.